Kila Mmea na Mbuzi Wake

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya kilima cha mchwa. Najua inavyosikika. Majirani zangu wa soko la Kampemba walipopata habari walicheka mpaka mizani zikatikisika, na mmoja wao, Mama Rebeka anayeuza samaki wa chumvi upande wangu wa kushoto, hajanyamaza hadi leo. Kwa hiyo naandika safari yote kwa mpango wake, toka kuondoka mpaka kurudi, ili anayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili.

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijakaza, Mama Feza alisimama mbele ya meza yangu bila mzigo. Huyu ndiye anayeniletea maharagwe kutoka kijiji cha Kamubanga, ndani kidogo ya barabara ya Kasenga, na kwa miaka yote ya kufahamiana kwetu sijamwona akija mjini mikono mitupu. Nikajua kuna msiba.

"Mama Jolie," akasema, "kichuguu yetu, siku ya posho banakuja kuikamata."

Siku ya posho ni Jumamosi. Sisi tuliozaliwa katika kambi za wafanyakazi bado tunaiita hivyo, ingawa posho yenyewe ilikwisha zamani.

"Nani anakuja?"

"Ilunga, ule wa matafari. Mfumu alishaitika."

Mfumu ni chifu wao, na matafari ni matofali. Na kichuguu, kwa wale ambao hawajatoka nje ya lami, si kile kirundo cha kukanyaga kwa mguu. Kwetu Katanga kinasimama kama nyumba, chenye miti juu yake. Udongo wake una nguvu. Mahindi yaliyo chini ya kichuguu yanakomaa wakati yale ya mbele yake yanabaki njano. Balaa ni kwamba udongo huo huo unatoa matofali mazuri, na mji wetu haushibi matofali. Kamubanga walikuwa na vichuguu vingi. Vimeliwa vyote, kimebaki kimoja, katikati ya shamba la kikundi cha akina mama ambacho Mama Feza anakiongoza. Udongo wa shamba lenyewe umechoka, mwekundu kama kutu. Mbolea ya gunia hawaiwezi. Kichuguu kikienda, shamba limekwenda.

"Na weye ulimwambia nini Mfumu?"

"Nilimwambia pale kuko shamba yetu. Akanijibu: shamba gani, Mama Feza? Miye naona udongo tu. Kama kuko shamba, munionyeshe." Akavuta kiti changu akakaa bila kuombwa. "Kuja utufundishe ile kazi ya mama yako. Mbele ya siku ya posho. Aone."

Kazi ya mama yangu naijua kwa sababu niliiona nikiwa mgongoni mwake, halafu nikaifanya nikiwa nyuma ya mgongo wake. Baba alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Mama alilima kandokando ya reli. Hakununua gunia la mbolea hata siku moja. Alifukia majani chini ya matuta, alitandaza udongo wa kichuguu kabla ya mvua, alinyunyiza majivu, na wadudu aliwapigia maji ya ule mti ambao majani yake watu huyaponda kulewesha samaki. Mimi nafanya hivyo hivyo kwenye kipande changu kandokando ya mto Naviundu, na mboga ninazouza, matembele ya viazi vitamu na lengalenga, mchicha wetu, zinatoka pale.

Mama Rebeka alikuwa amesikia yote. Masikio yake hayalipi ushuru.

"Weye muuza mboga unaenda kufundisha balimaji?" akasema. "Weye mwenye kulima ku mutaro?"

"Ndiyo, ku mutaro. Na ile mutaro inakulisha kila siku, haulalamiki."

"Utarudi na aibu."

"Basi nitaiuza. Hapa soko, kila kintu inapata mununuzi."

Jumanne alfajiri nilikata matembele. Mashina marefu, yale yaliyokomaa lakini hayajawa magumu, nikayafunga mafungu, nikayaweka katika magunia mawili yaliyoloweshwa maji. Nia yangu ilikuwa kuyapanda juu ya shamba lao baada ya kutandaza udongo, ili mvua za kwanza zikianguka zisiubebe. Nilihesabu mafungu, nikayahesabu tena. Mume wangu anasema hata rozari naihesabu mara mbili. Ni kweli, na sijawahi kukosa Baba Yetu hata moja.

Njiapanda ya kutokea Naviundu nilimkuta Kambale na lori lake. Kambale ni mtu wa Butembo, anauza maharagwe kwa jumla, anapita barabara ya Kasenga kila wiki. Alitazama magunia yangu yakichuruzika maji kwenye viatu vyake.

"Mama, hii haiko mizigo. Hii iko bustani."

"Ni mizigo inayopumua. Ipakie pole."

"Kama inapumua, italipa kama muntu."

"Muntu anakaa, hii inalala. Muntu anaomba usimame akojoe. Muntu anakuuliza kama tumefika. Umeshasikia matembele inauliza?"

"Italowesha maharagwe yangu."

"Unaenda na lori mutupu, Kambale. Maharagwe utayakuta kule."

Akakuna kichwa. Tulikubaliana kwamba magunia yapande bure, mimi nilipe nusu, na yeye akirudi wiki ijayo apite mezani kwangu achukue mboga ya mke wake. Alidhani amepata. Mimi pia nilidhani hivyo, na biashara nzuri ni ile ambayo wawili wote wanaondoka wakidhani hivyo.

Saa tatu tulikuwa tumeacha nyumba nyuma. Mwezi wa kumi kwetu ni mwezi wa hasira: mvua inanusa tu, haishuki, vumbi limepaka majani yote rangi moja. Baiskeli zilikuja mbele yetu zikisukumwa, magunia ya makala, yaani mkaa, yamewazidi urefu waliozisukuma. Na pembeni mwa barabara, matanuru ya matofali yakitoa moshi, na karibu na kila tanuru kichuguu kilichokatwa wima kama mkate, nusu kipo, nusu hakipo. Nilianza kuhesabu vilivyoliwa na vilivyosimama. Hesabu sikuipenda, nikaanza upya. Haikubadilika.

"Unahesabu nini, Mama?" Kambale akauliza.

"Majirani."

Mchana tulifika. Kambale alinishusha kwenye njia ya kuingia Kamubanga, ambako akina mama wa kikundi walikuwa wanangoja na baiskeli ya kubebea magunia. Walinipa munkoyo kwenye kikombe kikubwa, ule wa mahindi na mizizi, mchachu kidogo, wa kumfanya mtu asahau vumbi. Tukaenda moja kwa moja kumsalimia Mfumu, maana mgeni asiyesalimia ni mwizi ambaye bado hajachagua cha kuiba.

Nilitegemea mzee wa mkongojo. Nikakuta mwanaume wa makamo amevaa jaketi la michezo, anatengeneza redio kwa kisu cha jikoni. Alinikaribisha vizuri, akasikiliza, halafu akaniambia bila kuzunguka:

"Mama, miye sina vita na banamuke. Ilunga aliomba udongo, na pale kulikuwa udongo. Ataniletea matafari ya nyumba. Nilimupa neno."

"Na kama kungekuwa shamba?"

"Ningemwambia kuko shamba." Akarudi kwenye redio. "Lakini miye naona kwa macho, sioni kwa masikio."

Kumbe neno alilompa Ilunga lilikuwa na mlango. Aliuacha wazi mwenyewe au ulisahaulika wazi, sikujua. Niliuweka akilini.

Jumatano asubuhi tulianza kazi. Kichuguu chao kilikuwa kikubwa kuliko nilivyofikiri. Mtu akisimama juu anaona moshi wa vijiji vingine. Niliwaonyesha kuchimba udongo wa chini pembeni, ule unaomomonyoka wenyewe, bila kugusa moyo wake, kwa sababu mchwa wakibaki wanajenga tena, na kichuguu kinachojengwa tena ni ghala lisilokwisha. Tukauponda, tukautandaza mwembamba. Halafu tukachimba mifereji, tukajaza majani makavu, tukafukia, tuta juu yake.

Katikati ya tuta la tatu nikaona wananitangulia. Nasema "sasa majani," majani yameshaingia. Nasema "sasa fukia," limeshafukiwa. Nikaegemea jembe.

"Hii mnaijua."

Mama Feza akajifuta jasho. "Tunaijua. Mama zetu balifanya hivi hivi."

"Sasa juu ya nini muliacha?"

Wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Banatucheka, Mama. Banasema ni kulima kwa bamasikini. Muntu wa maana anasimama na gunia ya angre, ile mbolea ya kununua, mbele ya nyumba, hata kama iko nusu."

"Na weye, ku mujini, habakucheki?" Mama Feza akaniuliza.

"Banacheka kila siku. Halafu banakula."

Basi wakacheka wao, na kazi ikaenda mbio.

Saa sita, wakati wa kurudi kijijini kula, nilifanya kosa. Pembeni mwa njia, kwenye jalala la majivu na maganda, kulikuwa na mche mmoja wa boga umejiotea. Majani mawili tu, dhaifu. Kwetu mjini kilichoota jalalani ni cha jalala. Nikaung'oa niwaonyeshe jinsi mizizi inavyopenda majivu.

Njia nzima ikasimama. Mama aliyekuwa nyuma yangu akashusha jembe begani.

"Mama Jolie," Mama Feza akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, "ile ni ya Nkambo Ngoie."

"Iko ku jalala!"

"Jalala yake."

Nkambo Ngoie, bibi wa kijiji, shangazi yake Mfumu, alitoka nyumbani kwake bila haraka. Alichukua mche mkononi mwangu, akautazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeanguka, akaniambia sheria yao. Kilicho kijani kina mwenyewe. Ukila tunda la mwenzio kwa njaa, unasamehewa. Ukikata jani, unaomba radhi. Lakini ukiung'oa mmea wa mwenzio na mizizi yake, unalipa mbuzi. Haidhuru umeota wapi, haidhuru ni mdogo namna gani. Mgeni ambaye hajapitisha msimu hapo, yeye anahurumiwa, analipa kuku.

Sikuzaliwa kulipa bei ya kwanza.

"Nkambo, ni mumea kidogo. Basi nilipe kifaranga."

"Ule mumea ungebaki kidogo?"

"Hapana."

"Basi na kuku yako haitakuwa kidogo."

Nilitazama kulia na kushoto kutafuta anayenitetea. Wote walikuwa wanatazama angani kama wanaongoja mvua. Nikanunua kuku kwa Mama Feza, ambaye hakunipunguzia hata kidogo ingawa nimekuwa nikimpa bei ya udugu kwa miaka, nikampelekea Nkambo. Yeye akamchinja hapo hapo, akapika, akatuita wote, na nikakaa chini nikala faini yangu kwa bukari, ugali wetu. Nilipewa mguu. Naweza kusema ulikuwa mtamu, na hasira yangu pia ilikuwa tamu.

Ndipo, nikiwa natafuna, swali likanijia.

"Nkambo, hii sheria yenu inafika wapi? Ku shamba tu?"

"Kila fasi. Ku jalala umeiona."

"Ku njia?"

"Ku njia."

"Hata juu ya kichuguu?"

Mama Feza aliacha kutafuna. Nkambo Ngoie alinitazama, akatazama yale magunia mawili yaliyokuwa kivulini yakichuruzika maji, akarudisha macho kwangu. Aliniongezea kipande cha kuku.

Alasiri hiyo kulikuwa na ubishi. Matembele yale yalikuwa ya kufunika shamba, na hayakutosha kufunika shamba na kichuguu pamoja. Wengine walisema tukiyatumia kichuguuni, shamba litabaki uchi na mvua ya kwanza italivua ngozi. Nilisema shamba tutalifunika kwa majani makavu. Kazi itakuwa kubwa zaidi, lakini majani ya porini hayana mwenyewe wala bei. Mmoja akasema Ilunga atacheka.

"Acha acheke," Mama Feza akasema. "Kucheka kwake hakung'oi kintu. Simama, tupande."

Tulikata kila shina vipande vitatu, kila kipande na vifundo vyake. Jioni ya Jumatano upande wa mashariki ulikwisha, Alhamisi tukamaliza kote mpaka kileleni. Udongo wa kichuguu ni mgumu. Tulitoboa kwa vijiti vilivyochongwa, tukapenyeza shina, tukakandamiza kwa kisigino. Halafu maji. Kijito kiko chini, kichuguu kiko juu, na kati yao kuna jua la mwezi wa kumi. Akina mama walipanga mstari, ndoo zikapita kichwa hadi kichwa, asubuhi na jioni. Ijumaa mchana mashina yalikuwa yameinama kama watu waliofiwa. Mimi mwenyewe, nasema ukweli, nilianza kupanga maneno ya kumwambia Mama Rebeka. Ijumaa jioni tulimwagilia tena, tukalala.

Jumamosi, siku ya posho, saa mbili lori lilisikika. Ilunga alishuka na wachimbaji wanne wenye sururu. Ni mtu mwenye tumbo la heshima na kicheko cha karibu. Aliposikia jina la kwetu kaskazini na kazi ya baba yangu, akafungua mikono.

"Kumbe! Mama, siye ni bantu ba fasi moja. Baba yako wa reli, baba yangu wa reli. Sasa unafanya nini hapa, unanizuia mukate?"

"Sikukuzuia, ndugu yangu. Nilikuja kulima."

Tukaenda wote, na Mfumu na jaketi lake, na nusu ya kijiji nyuma. Tulipofika shambani Ilunga akasimama. Kichuguu kilikuwa kijani. Si kijani cha kusifia. Kijani cha mgonjwa aliyeketi kitandani. Lakini usiku ulikuwa umeyapa mashina pumzi, na majani mengi yalikuwa yamenyanyua shingo.

Akacheka kweli, kwa moyo wote. "Mfumu! Hii ni nini? Balichomeka fimbo!"

"Ni matembele," Mama Feza akasema.

"Ni fimbo yenye majani. Haina mizizi. Mulichomeka jana."

"Tulipanda."

Mfumu alizunguka kichuguu pole pole, mikono nyuma. Sote tulimfuata kwa macho. Aliporudi akasema:

"Nilisema miye naona kwa macho. Naona kijani. Kama haina mizizi, ni fimbo, na Ilunga atachimba. Kama iko na mizizi, ni mumea, na mumea iko na mwenyewe."

"Basi tuangalie," Ilunga akasema.

"Angalia," Mama Feza akajibu. "Ng'oa moja."

Ilunga aliinama, akashika shina. Nkambo Ngoie, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakohoa kidogo.

"Papa Ilunga," akasema, "unakuja kwetu miaka mingapi?"

"Kiangazi ya tatu hii, Nkambo."

"Umekula bukari yetu?"

"Nimekula sana."

"Basi hauko mugeni. Yule," akaninyooshea kidole, "ni mugeni, alilipa kuku. Weye utalipa mbuzi."

Mkono wa Ilunga ulibaki pale pale.

"Kama kuko mizizi," akasema.

"Kama kuko mizizi."

"Na kama hakuna, silipi."

"Haulipi."

Akatazama shina. Mimi pia nilitazama lile shina, na nawaapia sikujua. Tangu Alhamisi jioni, kwa maji mengi, mizizi inaweza kuwa imeanza, nyeupe, midogo kama uzi. Inaweza pia kuwa haijaanza. Akina mama wote waliacha kupepea.

"Mfumu, ng'oa weye," Ilunga akasema.

"Miye ndiye mwenye kuhukumu. Muhukumu akilipa mbuzi, nani atamuhukumu?"

Ilunga akawageukia wachimbaji wake. Wale walikuwa vijana wa vijiji vya jirani, ambako sheria ni ile ile. Wa kwanza alirudi hatua moja, akaweka sururu chini kwa adabu.

"Bosi, siye tulikuja kuchimba udongo. Hatukukuja kununua mbuzi."

"Ni moja tu!"

"Moja ya kuangalia," Mama Feza akasema. "Halafu utachimba. Ukichimba, zote zinang'oka. Kila mumea na mbuzi yake."

Hapo nikaona macho ya Ilunga yakipanda juu ya kichuguu, safu kwa safu, midomo ikichezacheza. Alifika kileleni, akashuka, akaanza tena upande wa kushoto. Nikamheshimu. Mtu wa kaskazini: anahesabu mara mbili.

Aliliachia lile shina. Akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa mikono haikuwa na kitu.

"Mutavuna wakati gani?" akauliza.

"Mvua ikikaribia kwisha," Mama Feza akasema.

"Nitarudi wakati ile."

"Karibu. Lakini matembele, Papa Ilunga, tunaivuna na mukono wa kulia, na mukono wa kushoto unaipanda. Utakuja kuona kijani tu."

Mfumu aliangalia viatu vyake. Nyumba ya matofali ilikuwa imemponyoka, na hilo lilimuuma, lilionekana. Lakini alisema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia: "Pale kuko shamba." Akaondoka zake. Nadhani redio ilikuwa bado haijapona.

Saa nne na nusu nilikuwa na shida yangu mwenyewe: Kambale hapiti mpaka Jumatano, na meza yangu sokoni haina mtu. Lori pekee lililokuwa linarudi Lubumbashi lilikuwa la Ilunga, na lilikuwa linarudi tupu kwa sababu yangu. Nikamfuata.

"Ndugu yangu, nipeleke mpaka Naviundu."

Alinitazama toka kichwa hadi viatu. "Mama, weye uko na uso mukavu."

"Niko nao. Na lori yako inaenda, nikiwa ndani au nikiwa nje. Na miye niko mwepesi kuliko kichuguu."

"Utalipa."

"Ningelipa kama tungekuwa bageni. Weye si ulisema siye ni bantu ba fasi moja?"

Akafungua mlango.

Mama Feza alinipa gunia dogo la maharagwe, na Nkambo Ngoie alinipa kitu kilichofungwa kwenye jani. Niliangalia baadaye: mbegu za boga.

Njiani kurudi vumbi lilikuwa lile lile, baiskeli za makala zile zile. Tulipopita kwenye matanuru aligeuza uso dirishani, na mimi nikageuza wangu upande wa pili, kwa adabu. Karibu na mji akaanza kusema kuhusu mke wake, kule mtaa wa Hewa Bora, ambaye ana kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na mahindi yake yanakuwa njano kila mwaka. Nikamwambia afukie majani asiyachome, na majivu ya jikoni asiyatupe. Nikamwambia pia kwamba udongo wa kichuguu ungesaidia sana. Alinitazama kuona kama namcheka. Namna fulani, ndiyo.

Mtaniuliza nimejifunza nini, maana safari isiyojibu hilo ni matembezi. Nilikwenda kufundisha watu kazi waliyokuwa wanaijua. Walichokuwa wamekosa ni mtu mwingine mwenye kuchekwa, asimame nao. Kwa hilo mimi nina uzoefu mkubwa. Nimechekwa Kampemba miaka mingi na nimelea watoto kwa hilo. Mama Rebeka, kama unasoma, matembele uliyokula Jumapili ni ndugu wa yale yaliyosimama mbele ya sururu. Ukipita Kamubanga using'oe kitu.

Jioni lori lilisimama Naviundu. Nilikuwa nimeshashuka, gunia liko kichwani, wakati Ilunga alipoinama juu ya usukani akaniita.

"Mama Jolie. Kazi imekwisha, hakuna mwenye kusikia. Niambie kweli. Ile matembele ilikuwa na mizizi?"

Nikaliweka gunia sawa.

"Sikung'oa," nikamwambia. "Miye nilishalipa kuku."